Haki ya Asiyeitika

Katika wodi za wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu kuna desturi inayoweza kumshangaza mgeni. Muuguzi anamsogelea mtu aliyelala wiki ya tatu bila kutamka neno wala kufinya mkono anapoombwa, macho yakifumba na kufumbua yenyewe, naye anamwambia: “Shikamoo mzee. Ni mimi, nesi wa asubuhi. Nakugeuza ubavu wa kulia, halafu nitakusafisha kinywa.” Anavuta pazia, ndipo anapomgusa. Hajibiwi, wala hakuwa akingoja jibu. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa hivyo tangu mwanzo: aliyepoteza fahamu aitwe kwa jina au kwa heshima ya umri wake, aelezwe atakachofanyiwa, afunikwe. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa upesi kwamba masikio ndiyo ya mwisho kuzimika, kwa hiyo huenda anasikia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na nitaanza nalo. Lakini halitoshi, kwa sababu linaitundika heshima ya mgonjwa juu ya jambo tusilolijua. Siku tukijua kwa hakika kwamba hasikii, je, ile shikamoo itageuka kuwa maigizo? Nadai kwamba haitageuka. Haki ya mgonjwa kusemeshwa, kusitiriwa na kuguswa kwa adabu haikutoka katika fahamu yake, kwa hiyo fahamu ikiondoka haki haina sababu ya kuifuata.

Tuanze na hiyo huenda. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, wakifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, walichapisha katika jarida la Science habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani. Miezi mitano baada ya ajali alikuwa akilala na kuamka, lakini hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Kwa vigezo vyote vya kitabibu macho yalikuwa wazi na mwenyewe hayupo. Walimlaza ndani ya mashine ya MRI wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Sehemu za ubongo wake zilizochangamka zilikuwa zile zile zinazochangamka kwa watu wenye afya wakipewa maagizo hayo. Miaka minne baadaye, kati ya wagonjwa 54 waliopimwa Cambridge na Liège, 5 waliweza kufanya hivyo, na mmoja akaitumia tenisi kuwa “ndiyo” na nyumba kuwa “hapana”, akajibu hata swali kuhusu jina la baba yake. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi, uliotolewa katika New England Journal of Medicine, ulikuta kwamba kati ya watu 241 ambao kwa nje hawakufuata agizo lolote, 60 walilifuata ndani ya ubongo. Ni mmoja kati ya wanne. Utafiti huo una takwimu ya pili isiyotajwa sana, ambayo mimi naiona nzito kuliko ya kwanza: kati ya wagonjwa 112 waliokuwa wakifuata maagizo waziwazi, mbele ya wapimaji, vipimo viliwanasa 43 tu. Waliobaki walionekana kwa macho ya kawaida kuwa wapo, na vipimo vikawapita. Basi mashine ikisema mtu yupo, tuiamini. Ikinyamaza, haijasema kitu.

Wala mashine si chombo pekee cha kumtafuta mtu. Martin Pistorius wa Afrika Kusini aliugua mwaka 1988 akiwa na miaka 12, akapoteza usemi na mwendo hadi ikaaminika kwamba akili yake imerudi kuwa ya mtoto mchanga. Baada ya miaka michache fahamu ilimrejea ndani ya mwili usiomtii, na hakuna aliyejua. Alishinda katika kituo cha kulelea wasiojiweza, amewekwa mbele ya televisheni yenye vipindi vya watoto wadogo, na katika kitabu chake, Ghost Boy, ameeleza pia ukatili wa baadhi ya waliomhudumia. Aliyemgundua ni mama mmoja aliyekuwa akimchua mwili kwa mafuta, mwenye mazoea ya kuzungumza naye akifanya kazi hiyo. Akaona macho yanayafuata maneno, akashikilia kwamba kijana apelekwe kupimwa upya, na mwaka 2001 akapimwa. Miaka mitano kabla ya hapo hospitali moja ya London ya maradhi ya mfumo wa fahamu ilikuwa imeripoti kwamba kati ya wagonjwa 40 waliopelekwa pale wakihesabiwa hawana fahamu, 17 walikuwa nayo. Wengi wa hao 17 walikuwa vipofu au karibu na upofu, hivyo kipimo cha kufuata kitu kwa macho kisingeweza kuwaona. Tunadhani kwanza tunajua kwamba mtu yupo, ndipo tunamsemesha. Mara nyingi mambo yamekwenda kinyume chake, na asiyesemeshwa hakupata hata nafasi ya kugunduliwa. Tena kusemesha kwenyewe kuna viwango. Jean-Dominique Bauby, mhariri wa Kifaransa aliyepigwa na kiharusi Desemba 1995 akabaki na uwezo wa kupepesa jicho la kushoto, alitunga kitabu kizima kwa jicho hilo. Ndani yake anamkumbuka mhudumu aliyezima televisheni mpira ukiwa mapumziko, akamtakia usiku mwema, akaondoka. Maneno yalisemwa, tena ya adabu. Ila hakuna aliyemhesabu kuwa mtu anayetazama mpira.

Hapa wengi wangeridhika. Kwa kuwa hatujui, wangesema, tumtendee kila mgonjwa kama anayesikia. Tukikosea hatujapoteza kitu, tukipatia tumeokoa mtu na upweke wa kutisha. Hii ni hoja ya tahadhari, jamaa ya lile dau la Pascal kuhusu kuwepo kwa Mungu, na haina ubaya wowote isipokuwa udhaifu wake. Dau hupimwa kwa uwezekano. Uwezekano ukiwa mmoja kati ya wanne, nesi atamsemesha mgonjwa. Ukishuka hadi mmoja kati ya elfu, na wagonjwa wengine wanaoita kwa sauti wakiwa ishirini, hesabu ile ile itamwambia ampite. Zaidi ya hapo, inaifanya heshima kuwa mali ya wenye vifaa. Vipimo vya namna ya Cambridge ni adimu hata Ulaya. Katika hospitali zetu za wilaya kilichopo ni tochi, mkono wa muuguzi na kipimo cha Glasgow, kile kilichotungwa mwaka 1974, kinachohesabu macho, sauti na viungo kuanzia alama 3 hadi 15. (Waliokitunga hawakuweka sifuri: hata maiti hupata 3.) Na kuna wagonjwa ambao ubongo wao umeharibika kiasi kwamba hakuna mashine, ya sasa wala ya baadaye, itakayokuta chochote. Kama heshima yetu kwao ni bahati nasibu tu, basi siku ya matokeo wameshindwa. Lazima pawepo msingi mwingine, ama sivyo tuache kujidanganya.

Anayetuambia tuache kujidanganya ana historia ndefu nyuma yake. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alisema kinachomfanya mtu wa leo awe yule yule wa jana ni fahamu inayoyafikia matendo yake ya nyuma na kuyatambua kuwa yake. Peter Singer, katika Practical Ethics ya mwaka 1979, aliivuta hoja mbele: kuzaliwa binadamu ni jambo moja, na kuwa mtu anayejijua kuwa yupo leo na atakuwepo kesho ni jambo jingine, wala si kila wa kwanza ni wa pili. Sioni sababu ya kuwarushia mawe. Wanasema waziwazi kile ambacho wengi wetu tunakitenda kimyakimya, tunapokaa kando ya mama mwenye ugonjwa wa kusahau tukazungumza juu ya kichwa chake kwamba siku hizi huyu si yeye. Na wodini Locke ana mfuasi ambaye hajawahi kumsoma: ni yule anayemvuta bibi kwa nguvu au kumfokea kwa kujikojolea, akijitetea kwamba baada ya dakika tano atakuwa amesahau. Kama mtu ni kumbukumbu zake, na hili halikuingia katika kumbukumbu, basi halikumpata mtu yeyote.

Utetezi huo wa “atasahau” unaweza kujibiwa kwa ushahidi kabla ya kujibiwa kwa dini. Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari za mgonjwa wake, mwanamke ambaye hakuweza kushika kumbukumbu mpya na kila walipokutana alimwona mgeni. Siku moja alimsalimia kwa mkono akiwa ameficha pini, ikamchoma. Mwanamke alisahau upesi. Lakini daktari aliponyoosha mkono tena, akauvuta wa kwake, asiweze kueleza kwa nini. Mwaka 2010 Justin Feinstein na wenzake wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha filamu za huzuni wagonjwa 5 ambao sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imeharibika. Dakika chache baadaye habari ya filamu ilikuwa imewatoka, ila huzuni ilikuwa bado iko pale pale. Mwaka 2014 wakapata jambo kama hilo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Basi bibi aliyefokewa asubuhi anabaki na donge asilojua limetoka wapi. Sisi tukiudhiwa tunajua wa kumlalamikia. Yeye amenyang'anywa hata malalamiko. Na hata kama donge lingeyeyuka, hoja ya “atasahau” ingebaki mbovu, kwa kuwa inamfanya aliyetendewa kuwa shahidi pekee wa alichotendewa. Muislamu anayeamini Rakibu na Atidi, malaika wanaoandika matendo, hawezi kuikubali. Wale hawaandiki yanayokumbukwa na mgonjwa, wanaandika yaliyotendwa.

Lakini jibu zito zaidi kwa Locke nalikuta katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayosomwa zaidi kama funzo la subira, na mimi nadhani ndani yake kuna falsafa iliyopitwa bila kuangaliwa. Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume akamweleza kwamba anashikwa na kifafa na akianguka mwili wake hufunuka. Akapewa hiari: asubiri na malipo yake ni pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi moja, kwamba aombewe asifunuke anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo. Tuangalie alichokubali na alichokataa. Kuanguka alikubali. Kupoteza fahamu alikubali. Alichokataa ni kuwa tupu yake ionwe wakati ambapo yeye mwenyewe, kwa hesabu ya Locke, hayupo. Saa ile ya degedege hatajua nani alimwona, wala akizinduka hatakumbuka. Hata hivyo alihesabu kwamba mwili ule ulioanguka ni yeye, kwamba aibu itakayoupata ni yake, na Mtume hakumwambia kwamba ana wasiwasi wa bure. Hakuna aliyemwona mjinga kwa miaka elfu moja na mia nne. Kila mmoja wetu anamwelewa papo hapo, kwa sababu kila mmoja wetu, akiambiwa kwamba kesho atapigwa sindano ya usingizi kwa upasuaji, angechukizwa kusikia kwamba wahudumu watapiga picha na kucheka. Ombi la mwanamke yule ndilo muuguzi analolitimiza anapovuta pazia, na hahitaji kusubiri mgonjwa alitamke.

Sheria na desturi zetu zinakubaliana na mwanamke yule. Mtu akilala bila fahamu mwaka mzima, nyumba yake haigawanywi. Mkewe hakai eda. Deni alilodai bado analidai, na alilodaiwa linalipwa kutoka katika mali yake, si ya warithi. Katika fikihi kalamu huinuliwa kwa aliyelala hadi aamke na kwa mwendawazimu hadi akili imrudie, maana yake haandikiwi makosa. Wajibu umeondolewa mabegani mwake, lakini hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba pamoja na wajibu zimeondolewa na haki. Kwa hiyo ndugu wanaokizunguka kitanda, wawe wanajua au hawajui, wanamtendea kama mwenye nyumba aliyepo katika kila jambo zito, halafu katika jambo jepesi la kumsalimia wanamtendea kama aliyekwisha kuondoka. Kama wangekuwa na hakika kwamba hayupo, wangegawana shamba. Na hata akifa kweli, angalia anavyooshwa. Maji ni ya kadiri, tumbo linakamuliwa kwa upole, tupu inafunikwa muda wote, na mwosha anayekuta kovu au kasoro analazimika kuifunga kifuani mwake. Waosha maiti hawafanyi hivyo kwa kudhani kwamba huenda anasikia maumivu. Wanafanya kwa kuwa huyu ni fulani, na mwili huu ni wake, na yeye ni wa Mungu. Sasa kama maiti anastahili maji ya kadiri, kwa hoja gani anayepumua afutwe kwa kitambaa cha maji baridi huku wahudumu wanasimuliana mechi ya jana?

Msomaji wa kwetu anaweza kusema kwamba yote haya tumekuwa nayo siku zote, tunaita utu, na kwamba tatizo ni la Locke na wajukuu wake wa Ulaya. Hapo sikubali. Tangu John Mbiti wa Kenya aandike mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika mtu yupo kwa sababu wengine wapo, tumezoea kuitaja fikra hiyo kama dawa ya kila ubinafsi. Lakini Ifeanyi Menkiti wa Nigeria, mwaka 1984, alionyesha inakoelekea ikifuatwa hadi mwisho: kama ni jamii inayomfanya mtu awe mtu, basi utu unapatikana hatua kwa hatua, na wengine huenda wasiufikie. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, akisema mtu anazaliwa mtu, na jamii inamkuta hivyo. Mabishano haya si ya darasani tu. Mapema miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Morogoro, akakuta wagonjwa waliotengwa, wakila peke yao na kulala peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Walianguka katika mafiga, na watu wa karibu waliogopa kuwagusa kwa kuamini kwamba mate au pumzi ya anayeshikwa na kifafa huambukiza. Hao hawakuwa wafuasi wa Locke. Walikuwa watu wa jamii inayomheshimu mgeni, inayolimiana mashamba na kuzikana, lakini iliyokuwa imemweka mgonjwa mmoja nje ya mstari. Kinachotolewa na jamii jamii inaweza kukinyima. Ndiyo maana nasema msingi wa haki ya mgonjwa hauwezi kuwa mapenzi yetu kwake, hata tukiyaita kwa jina tamu namna gani. Yeye ni mtu kabla hatujakutana, na sisi tunachoweza ni kulikubali hilo au kulikana.

Injili ya Marko, katika sura ya tisa, inaye kijana kama wagonjwa wale wa Mahenge. Baba yake anasema pepo amemtupa mara nyingi motoni na majini. Mjadala wa kama kilikuwa kifafa au pepo umewachosha wengi na sitauongeza. Kinachonivuta ni mwisho wake. Kijana analala kama mfu, watu wengi wanasema amekufa, na Yesu anamshika mkono. Umati ulikuwa umeshatoa hukumu kwa kutazama. Teolojia ya Kikristo yenyewe haikukaa karibu na mkono ule sikuzote; Augustino, alipotafuta sura ya Mungu ndani ya mwanadamu, aliiona hasa katika kumbukumbu, ufahamu na utashi, na ukiishia hapo mgonjwa wa kiharusi kikubwa amebaki na sura iliyofutika. Lakini Kanisa lile lile linakiri ufufuo wa mwili, na sioni jinsi mtu awezavyo kuungama hivyo kila Jumapili kisha Jumatatu akautendea mwili huo kama ganda lililoachwa na mwenyewe.

Kuna atakayeona kwamba njia hii inatufikisha pabaya: kama mgonjwa ana haki zote, basi mashine zisizimwe kamwe, na familia ziuze mashamba kumweka hai mtu asiyerudi. Haifuati. Kinachodaiwa kwa mtu si urefu wa maisha yake. Mwaka 1986 Baraza la Fikihi la umoja wa nchi za Kiislamu, likikutana Amman, lilikubali mashine ziondolewe ubongo wote ukishaacha kazi na wataalamu wakithibitisha kwamba hautarejea. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika hotuba ya Machi 2004, naye akiwa mgonjwa wa Parkinson, alisisitiza kwamba aliye macho bila fahamu anabaki mtu kamili, na kwamba chakula na maji, hata kwa mpira, ni matunzo ya kawaida yasiyopaswa kukatwa kwa jumla. Hata Wakatoliki wanaendelea kubishana juu ya mpaka wake. Mimi naona wagonjwa wengine wanaongezewa siku kwa ajili ya hofu ya ndugu zao, na kumwacha mtu afe kwa amani kunaweza kuwa sehemu ya kumheshimu. Lakini uamuzi wowote ukiamuliwa, kazi ya muuguzi haibadiliki kwa lolote la msingi. Aliyeamuliwa asirudishiwe mashine bado anafutwa midomo, anageuzwa, anaitwa jina. Na ndugu wakidhani kwamba nesi anayemsalimia mgonjwa anawaahidi kupona, waelezwe ukweli bila kuzunguka; salamu ni ya yule aliyepo leo, haina habari ya kesho.

Pingamizi la uhaba wa watu linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanaobeba mzigo wenyewe. Utafiti wa kiharusi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, Hai na Dar es Salaam, ulikuta kwamba, umri ukishalinganishwa, wagonjwa wapya kwa mwaka Dar es Salaam walikuwa takriban 316 kwa kila watu 100,000, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Wengi wa waliopona kifo hurudi nyumbani wamepooza, wakauguzwa na mke au binti asiyefundishwa kitu. Wodini, nesi mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na watu wengi kuliko anavyoweza kuwafikia, na agizo la kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia linabaki kwenye karatasi. Kumhubiria mtu kama huyo falsafa ni kumkejeli. Ila tutenganishe mambo. Maneno ya kumwarifu mgonjwa hayaongezi muda wa kazi, kwa kuwa yanasemwa mikono ikiwa inafanya kazi. Kumgeuza, kumbadili pampasi na kumsitiri kunahitaji watu wawili, shuka safi na pazia lisilochanika, na hivyo havitoki moyoni mwa nesi. Vinatoka katika bajeti. Tukisema mgonjwa ana haki, tumesema pia kwamba kuna mdaiwa, na mdaiwa wa kwanza mara nyingi hayupo wodini. Huruma haina mdaiwa, ndiyo maana wapangaji wa fedha hupenda kuwasifu wauguzi kwa huruma yao. Ndugu nao, ambao katika hospitali zetu ndio wanaoleta uji, wanaofua na wanaokesha, wanapaswa kufundishwa na nesi namna ya kumlaza na kumsemesha, kama wanavyofundishwa kupitisha uji kwenye mpira. Hilo si kuwatwisha kazi ya serikali. Watarudi naye nyumbani wiki ijayo.

Limebaki neno la wauguzi wenyewe, ambalo ni la kweli na halisemwi hadharani. Baada ya miaka wodini, “shikamoo mzee, nakugeuza” hutoka mdomoni bila moyo, na baadhi yao hujiona wanafiki. Nadhani wanajihukumu vibaya. Deni linalipwa kwa kulipwa. Aliyelipa akiwa amechoka hakuacha kulipa. Kungekuwa na hatari kubwa zaidi kama adabu ingetegemea upendo wa siku ile, kwa sababu si wagonjwa wote wa ubongo wanaolala kimya. Aliyeumia sehemu ya mbele ya kichwa huweza kuamka na ulimi mchafu ambao mkewe hajawahi kuusikia, akamtemea mate anayemlisha, akamshika nesi pasipo staha. Huyu anaitika, tena kwa matusi, na kumpenda ni vigumu kuliko kumpenda aliyezimia. Kalamu imeinuliwa kwake kwa kadiri jeraha lilivyomwondolea hiari, na haki yake ya kusitiriwa na kuambiwa anachofanyiwa iko pale pale. Lakini hapo utaratibu uliokwisha kuingia mikononi ndio unaomlinda, hisia zikiwa zimegoma. Haimaanishi kwamba muuguzi ni jalala la matusi. Aliyetukanwa asubuhi nzima ana haki ya kumwomba mwenzake ambadili, na mkubwa wa wodi ana wajibu wa kukubali bila kumwona mvivu. Kubadilishana huko si kumtelekeza mgonjwa, maana kinachotafutwa ni mtu atakayeweza kumtimizia anachostahili saa hiyo, hata kama si huyu aliyechoka.